Pazia Lililo Ndani: Somo Juu ya Usafi wa Vioo vya Gari

Ifikapo saa kumi na moja na nusu ya jioni, dereva anayepita katikati ya majumba marefu ya Michenzani, mjini Unguja, akielekea Kisiwandui na Mji Mkongwe, hulikabili jua uso kwa uso. Mji Mkongwe uko upande wa magharibi, na majumba hayo, yaliyoanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na ambayo wenyeji huyaita treni kwa sababu ya urefu wake, yamesimama kandokando ya njia kama kuta za ujia. Jua limo mwishoni mwa ujia huo. Mara kioo cha mbele cha gari, ambacho mchana kilionekana safi kabisa, hugeuka kuwa pazia jeupe, na watu wanaovuka barabara chini ya kivuli cha majumba hupotea machoni pa dereva.

Saa hiyo ndiyo watu huvuka kwa wingi. Wengine hurejea kutoka sokoni Darajani, wengine huwahi sala ya magharibi, na watoto wamo michezoni. Katika mwezi wa Ramadhani hatari huzidi, kwa kuwa futari hungoja jua lizame; haraka ya dereva na jua la machoni hukutana saa ile ile, kila siku, kwa mwezi mzima. Gari liendalo kilomita 40 kwa saa hupita mita 11 katika kila sekunde. Sekunde mbili za kutoona ni mita 22, na katika mita 22 mtoto aliyeukimbilia mpira huweza kuwa ameshafika katikati ya njia.

Dereva akiulizwa husema kwamba kioo alikiosha jana, na asemalo ni kweli. Alikiosha kwa nje. Pazia limo ndani, mahali ambapo waipa haifiki wala mvua hainyeshi, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye aliyelizidisha alipojaribu kulifuta. Katika makala haya tutaeleza pazia hilo limefanyizwa kwa vitu gani, kwa nini sabuni na maji ya kawaida hulishindwa, na namna ya kuliondoa kwa vitu vinavyopatikana dukani na jikoni.

Kwa nini halionekani mchana

Kila nyumba yenye pazia jepesi dirishani inatupa somo hili. Mchana mtu aliye nje haoni kilichomo chumbani, kwa sababu mwanga mkali huliangukia pazia na kulifanya ling'ae kuliko vitu vilivyo nyuma yake. Usiku, taa ikiwashwa chumbani, mambo hugeuka: pazia halina mwanga kwa nje, na yaliyomo ndani huonekana wazi. Pazia ni lile lile, halikuzidi wala kupungua. Kilichobadilika ni mahali mwanga unapotokea.

Utando ulio juu ya kioo cha gari hufanya kazi hiyo hiyo. Saa sita za mchana jua liko utosini, paa la gari hukitia kioo kivuli, na barabara iliyo mbele inang'aa. Mwanga mdogo unaotawanywa na utando haujulikani. Jioni jua hulenga kioo moja kwa moja. Kila chembe ya mafuta, ya vumbi au ya chumvi iliyo juu ya kioo huupokea mwanga huo na kuutawanya pande zote, na sehemu yake huingia jichoni mwa dereva. Wakati huo huo yule mtu anayevuka yuko kivulini. Utando unang'aa kuliko yeye. Hali hiyo hurejea usiku, kila gari linalokuja mbele linapowasha taa kali, ila safari hii jua huwa mengi na madogo.

Hata kioo kisicho na doa hakiachi kurudisha mwanga: kila uso wa kioo safi hurudisha yapata asilimia 4 ya mwanga unaoujia. Ndiyo maana karatasi nyeupe iliyowekwa juu ya dashibodi huonekana kama kivuli cheupe juu ya barabara. Kosa hilo halihitaji sayansi kulirekebisha. Karatasi iondolewe.

Vitu vinavyounda utando

Chanzo cha kwanza ni gari lenyewe. Dashibodi na ngozi za bandia za ndani ya gari hufanyizwa kwa plastiki, na plastiki iliyotumiwa sana ni ile iitwayo PVC. Kwa asili yake PVC ni ngumu kama bomba la maji. Ili ilainike, kiwanda huichanganya na mafuta maalumu yaitwayo vilainishi, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa ya jamii ya thaleti. Vilainishi havikufungwa imara ndani ya plastiki. Vimekaa humo kama maji katika sifongo. Gari likiachwa juani limefungwa, dashibodi huweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na sehemu ya vilainishi hugeuka mvuke. Mvuke huo huzunguka ndani ya gari hadi ukutane na kitu kilichopoa, na usiku kitu hicho ni kioo. Hapo hutulia na kuwa utando wa mafuta.

Wahandisi wa magari wanalijua jambo hili vizuri. Katika kipimo cha Kijerumani kijulikanacho kwa namba DIN 75201, kipande cha plastiki au ngozi hutiwa ndani ya gudulia la kioo lililopashwa moto hadi nyuzi 100, na juu yake huwekwa bamba la kioo lililopozwa hadi nyuzi 21. Baada ya saa tatu hupimwa ni kiasi gani bamba hilo limepoteza mng'ao wake. Gari lililoegeshwa juani chini ya majumba ya Michenzani kuanzia asubuhi hadi alasiri limo katika gudulia la namna hiyo, ingawa moto wake ni mdogo zaidi na siku zake ni nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo gari jipya huchafua vioo vyake upesi kuliko gari kuukuu, jambo linalowashangaza wenye magari mapya. Hao wanaoipaka dashibodi mafuta ya kung'arisha kila wiki huirudisha hali ya upya kwa maana hii mbaya: mafuta yale nayo huhamia kiooni.

Chanzo cha pili ni watu. Pumzi, jasho, moshi wa sigara, vidole vya watoto. Katika basi dogo kioo cha ubavuni huonyesha alama ya duara kwa kila kiti, mahali abiria alipoegemeza kichwa chenye mafuta ya nazi akasinzia. Anayefukiza udi ndani ya gari ajue kuwa harufu nzuri hubakia kitambaani, na lami ya moshi hubakia kiooni.

Chanzo cha tatu ni bahari, nacho ndicho kinachoitofautisha Unguja na Dodoma au Tabora. Kutoka Michenzani hadi ufukweni si zaidi ya kilomita mbili. Mawimbi yanapopasuka hurusha matone madogo sana, maji yake hukauka hewani, na chembe za chumvi hupeperushwa na upepo hadi zinapopata dirisha lililo wazi. Chumvi ya jikoni hubaki kavu maadamu unyevu wa hewa uko chini ya asilimia 75. Ukipita kiwango hicho, chumvi hufyonza maji kutoka hewani na kuyeyuka yenyewe. Chumvi ya bahari, kwa kuwa ina pia kloridi ya magnesi, huanza kulowa mapema zaidi. Katika kisiwa chetu unyevu wa alfajiri hupita asilimia 75 kwa siku nyingi za mwaka. Basi utando wa kioo cha gari la Unguja hulowa usiku na kukauka mchana, na kila ukauka­po huacha madoa mapya, ijapokuwa hakuna aliyeugusa.

Majaribio mawili ya nyumbani

Jaribio la kwanza ni la pumzi. Chukua vipande viwili vya kioo, au pande mbili za kioo kimoja cha kujitazamia. Upande mmoja ukwanguliwe vizuri kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, usuuzwe kwa maji ya mvua na kukaushwa. Upande wa pili upitishwe kidole kilichogusa paji la uso. Kisha fungua kinywa na uvipulizie vyote pumzi ya joto. Kwenye sehemu safi pumzi hutanda kama utando mmoja mwembamba, ambao mtu huweza kuona kupitia kwake, na hukauka upesi. Kwenye sehemu yenye mafuta pumzi hukusanyika kuwa matone madogo yasiyohesabika, na mahali hapo huonekana peupe.

Sababu ni hii. Uso wa kioo safi huyapenda maji: molekuli zake huzivuta molekuli za maji, na maji hujitandaza. Mafuta hayayapendi, na juu yake maji hujikunja kuwa matone ili kupunguza mgusano. Tone hupinda mwanga kama lenzi ndogo. Mwanafizikia wa Kiingereza Lord Rayleigh aliandika juu ya michoro hii ya pumzi katika jarida la Nature mwaka 1911; alionyesha kwamba pale ambapo mwali wa moto umepita juu ya kioo, pumzi hutulia kwa namna nyingine kabisa kuliko pale ambapo haukupita. Kwa mwenye gari faida ya jambo hili ni kwamba anacho kipimo cha usafi kinywani mwake. Kadhalika anaelewa kuwa kioo kichafu hupata ukungu mzito kuliko kioo safi, hata unyevu ukiwa ule ule.

Wazamiaji wa pwani zetu huitumia kanuni hii bila kuitaja. Kabla ya kushuka majini hutema mate ndani ya miwani yao, huyasugua kiooni, kisha husuuza kidogo. Mate huyafanya maji yajitandaze badala ya kukusanyika kuwa matone. Madereva wengine hupaka kioo kiazi kibichi kilichokatwa au kipande cha sabuni kwa sababu hiyo hiyo. Ukungu hupungua kweli, ila wanga wa kiazi na sabuni vyenyewe ni utando, na jua la jioni haliulizi utando umetokana na nini.

Jaribio la pili ni la chupa. Tia maji ya mvua katika chupa moja na maji ya kisima katika nyingine, kwa kipimo sawa. Kwangua sabuni ya mche kidogo, tia kiasi sawa katika kila chupa, funga na utikise. Chupa ya maji ya mvua itajaa povu. Ile ya maji ya kisima itatoa povu hafifu, na maji yake yatakuwa na mabonge meupe kama maziwa yaliyokatika.

Chokaa na sabuni

Mabonge hayo ndiyo kiini cha somo letu. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe na mawe ya chokaa. Mvua ipitapo hewani na udongoni hubeba gesi ya kaboni dioksidi, hupata ukali mdogo wa asidi, na huyeyusha mawe hayo polepole inaposhuka. Maji yanayotoka visimani, na katika chemchemi kama zile za Bububu ambako Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji mjini kwa mabomba, yamekwisha kupita katika mawe ya chokaa. Ni maji mazuri ya kunywa. Ni maji mabaya ya kuoshea kioo.

Sabuni ya mche ni chumvi ya asidi za mafuta na sodiamu. Ikikutana na kalsiamu iliyomo katika maji ya chokaa, kalsiamu huchukua nafasi ya sodiamu, na kinachozaliwa hakiyeyuki tena majini. Ndiyo ule ukoko wa kijivu unaoganda pembezoni mwa ndoo ya kuogea. Sabuni ya mafuta ya nazi huyavumilia maji magumu kuliko sabuni ya shahamu, na mabaharia walilijua hilo tangu zamani, lakini nayo haiikwepi chokaa kabisa.

Sasa mtazame dereva wetu. Anachovya kitambaa ndani ya ndoo ya maji ya kisima yenye sabuni ya mche, anafuta kioo kwa ndani, na kwa kuwa hawezi kumwaga maji juu ya viti na nyaya, hasuuzi. Maji hukauka. Mafuta ya zamani yamesambazwa vizuri, ukoko wa sabuni umeongezwa juu yake, na juu ya ukoko imekaa chokaa iliyobaki baada ya maji kuondoka. Nje ya gari maji mengi huyachukua hayo yote. Ndani hayana pa kwenda. Jitihada ilikuwa njema, na kioo kimekuwa kibaya kuliko mwanzo.

Namna ya kusafisha

Mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko dawa. Mafuta huondolewa kwanza, chokaa baadaye. Asidi hafifu ya siki haiwezi kuifikia chokaa iliyofunikwa kwa mafuta.

Gari liwekwe kivulini, na kioo kiwe kimepoa. Kioo cha moto huikausha dawa kabla haijafanya kazi. Milango yote ifunguliwe. Futa dashibodi kwa kitambaa kibichi kabla ya kugusa kioo, la sivyo vumbi lake litarudi.

Kwa mafuta, tumia spiriti iliyochanganywa na maji safi nusu kwa nusu, au tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika kikombe cha maji. Sabuni za namna hii hutengenezwa viwandani kwa kemikali ambazo hazigandi na kalsiamu kama sabuni ya mche. Tone moja latosha. Anayetia vijiko vitatu atafanya kazi ya kuziondoa hadi magharibi. Dawa itiwe kwenye kitambaa, isimwagwe kiooni, maana chini ya kioo cha mbele kuna matundu ya hewa na nyaya za umeme. Mvuke wa spiriti huwaka upesi: asiwepo mwenye sigara, na mikono ikae mbali na uso.

Kisha chukua kitambaa cha pili, chovya katika maji yenye siki, vijiko viwili vya chakula kwa kikombe kimoja, na ufute tena. Asidi ya siki huivunja chokaa na kuigeuza kuwa chumvi inayoyeyuka, huku gesi ya kaboni dioksidi ikitoka. Kamwe siki isichanganywe na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari gesi hiyo ni hatari kwa mapafu. Vioo vilivyobandikwa karatasi ya giza visiguswe na dawa yenye amonia, kwa kuwa huiharibu karatasi na gundi yake. Kwa vioo hivyo sabuni ya maji na kitambaa laini vyatosha. Kioo cha nyuma chenye nyuzi nyembamba za kupasha joto kifutwe kwa kufuata nyuzi, kutoka ubavu hadi ubavu, na wembe usisogezwe karibu.

Maji yatoke wapi? Ya mvua ndiyo bora. Kisipopatikana kipindi cha mvua, kinga maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi cha nyumba. Maji hayo ni mvuke wa hewa uliogeuka kuwa maji, hayakupita katika jiwe lolote, na kwa kazi hii yanakaribiana na maji ya dukani yaliyotoneshwa kwa ajili ya betri. Huku nyumba nyingi zikiyaacha yatiririke ukutani, ni ajabu kwamba watu hununua dawa ya vioo.

Kitambaa cha mwisho kiwe kikavu na kisafi, na hapa khanga kuukuu haina mpinzani ila vitambaa vya nyuzi laini sana vinavyouzwa siku hizi. Khanga mpya haifai: ina wanga wa kiwandani, haifyonzi maji, na huacha alama. Iliyofuliwa miaka mitano ndiyo yenyewe, mradi haikutiwa dawa ya kulainisha nguo, ambayo pia ni ya jamii ya mafuta. Futa kwa ndani kwa mistari ya juu na chini, na kwa nje kwa mistari ya kulia na kushoto. Mstari ukibaki, mwelekeo wake utakuambia uko upande gani, na hutahangaika kufuta ndani kilichoko nje.

Pembe ya chini ya kioo cha mbele, pale kinapokutana na dashibodi, ndiyo ngumu kufikiwa, na ndipo mafuta ya plastiki huwa mengi zaidi. Geuza kiganja, mgongo wa mkono uelekee dashibodi, na usukume kitambaa kwa ncha za vidole ukiwa umekaa kiti cha abiria, ambako usukani haukuzuii.

Ukungu wa masika

Kuna ukungu mwingine, ambao si uchafu. Mtu aliyetulia hutoa kwa pumzi gramu 10 hadi 20 za maji kwa saa. Watu 15 katika basi dogo lililofunga madirisha kwa ajili ya mvua hutoa karibu robo lita, na maji hayo hutua juu ya vioo vilivyopozwa na mvua. Daladala za zamani za Unguja, zenye mabenchi ya mbao na ubavu ulio wazi, hazikuwapa abiria wake taabu hii. Ziliwapa mvua yenyewe. Dawa ni kuingiza hewa ya nje na kuwasha kiyoyozi, ambacho hukausha hewa kabla ya kuirusha. Swichi ya kuzungusha hewa ya ndani ifungwe, kwani hurudisha pumzi zile zile.

Lakini hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Kiyoyozi kikielekezwa kiooni kwa nguvu usiku wa joto, kioo hushuka chini ya hapo, na umande hutanda kwa nje. Dereva hufuta ndani, afute tena, na hakitoki kitu isipokuwa alama mpya za vidole. Apitishe kidole kimoja ndani: kisipoacha njia, umande uko nje, na sasa ni zamu ya waipa, pamoja na kupunguza baridi.

Ukimaliza kazi, kipulizie kioo pumzi. Halafu usiku, gari likiwa limesimama, mwenzako asimame mbele yake kwa hatua 20 na kurunzi. Mduara mweupe unaoizunguka taa ndio utando uliobaki. Katika gari jipya utarudi baada ya wiki mbili hivi za jua. Katika gari kuukuu la mtu asiyevuta sigara, mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa siku za upepo wa kusi kwa wale wanaoendesha vioo wazi.